Muuguzi Kuk na Visogo Bapa vya Sangok

…basi akamgeuza mjukuu wangu chali mara ya tatu, ndani ya nyumba yangu, mimi namtazama! Ngoja, mwanangu, kwanza andika hivi kwenye hilo daftari la kumuaga: Muuguzi Kuk Bok-hui, kituo cha afya cha Sangok, miaka thelathini na mmoja kazini, anastaafu tarehe thelathini mwezi wa sita. Umeandika? Haya.

Sisi zamani mtoto tulimlaza kifudifudi ili kisogo kiwe mviringo. Kisogo bapa, nani atamtaka? Kuk akaja na baiskeli yake kutuambia kuna wachanga wanafariki usingizini, ghafla, bila kuugua, na wanaolala kifudifudi ndio wengi zaidi. Nikamwambia, "Wewe kisogo chako kibao cha kukatia kabichi la kimchi, unataka wote wafanane nawe!" Ukumbi wa wazee ukaangua kicheko. Akajipapasa. "Bibi Tak, bapa ni bapa, ila mwenyewe si nipo hapa nasikiliza matusi yako?"

Akatulaza vikongwe kumi na mmoja sakafuni, uso kwenye mto, ahesabu mpaka sitini. Na sakafu zetu zinavyopashwa moto kwa chini, ungedhani anatuchemsha! Mimi nilifika ishirini nikageuka. Meno yangu ya bandia yakabaki kwenye mto. Akasema, "Wewe umejigeuza, bibi. Mjukuu wako Chan-gi ana miezi miwili, atajigeuzaje?"

Nikatii. Mimi! Muulize yeyote. Nikaenda nyumbani nikatoa mto wake uliojazwa mtama na blanketi zito, nikapunguza moto, nikamlaza chali. Babu yake nikamtoa nje, yeye na sigara zake.

Tena hakuwahi kumsema mama yeyote. Yupo mmoja alimlaza binti yake chali, vizuri kabisa, bado akampoteza. Kuk alikaa naye siku tatu, akatuambia hata madaktari hawajajua sababu zote, asinyooshewe kidole. Siku hiyo hatukucheka.

Chan-gi sasa yuko jeshini. Kisogo sinia tupu, anakula bakuli tatu za wali.

Asante, Kuk. Pumzika, ule ushibe, ulale upande wowote unaoutaka. Ila wachanga wetu unamwachia nani sasa, eh?

Nini, Mi-ran? Huyu mkwe wangu, mama yake Chan-gi.

"Mama, njoo! Bibi wa jirani kamlaza mchanga kifudifudi, anasema Kuk si anaondoka bwana, nani atamwona!"

Nani atamwona? Nipe viatu vyangu. Funga daftari, mwanangu, naenda kumgeuza.