Baraza Linasikilizwa

Chuoni kwetu sigara ni marufuku. Kwa hiyo wavutaji wote, pamoja na sisi tusiovuta ila tunapenda maneno, hukutana kwenye benchi nyuma ya banda la baiskeli, ambako mashine inauza kahawa ya kopo, ya moto safu ya chini, baridi safu ya juu. Jumatano ile tulikuwa tunangoja saa tisa, Baraza la Kitivo likutane. Ajenda kubwa: kuifunga idara ya Kimongolia. Mwenye idara, Mwalimu Nagatsuka, alikuwa amekaa nasi pale pale, kopo mikononi kama mtu anayeota moto. Kilikuwa kikao cha kwanza tangu mageuzi ya kanuni, mwezi Aprili. Zamani baraza lilipiga kura. Sasa linatoa maoni, mkuu wa kitivo anayasikiliza, kisha anaamua peke yake. Hapo kwenye kusikiliza ndipo tulipokwama.

— Kusikiliza kuna aina mbili, alisema Profesa Isogai wa sheria, tunayemwita Katiba hata mbele yake. Kuna kusikiliza ukazingatia, na kuna kusikia tu. Kanuni mpya haikusema ni kupi.

— Mzee, si uliiandika wewe hiyo kanuni? Huyo ni Mukaida wa uchumi, jina la benchini Tetesi.

— Nilikuwa kwenye kamati. Kukaa kwenye kamati si kuandika.

— Sasa iliandikwa na nani?

— Ilikuja.

— Ilikuja! Kama mafua?

Katiba akawasha sigara nyingine.

— Mnataka ukweli? Tetesi akainamisha kichwa. Ni Tokyo. Wizara imekodi washauri, vijana wa suti za kubana. Wao ndio wanaofunga idara.

— Mwezi uliopita ulisema mkuu wa chuo anaitaka nafasi ya Kimongolia afungue mgahawa, nikamkumbusha.

— Yote mawili, Mwalimu Ekuni. Hao washauri wakanywe kahawa wapi?

— Nafasi gani? Nagatsuka akauliza. Nina chumba kimoja, na nusu yake ni hema la Kimongolia.

— Nyie mnacheza, mimi nimefanya utafiti, alisema Katiba. Kanuni zetu zimenakiliwa neno kwa neno kutoka chuo cha mkoa wa jirani. Nikampigia mwenzangu wa kule. Anasema wao walinakili kwetu.

— Lini?

— Kabla sisi hatujaandika.

Mimi nina shahada tatu na zote hazikunisaidia hapo.

— Basi ni kompyuta, Tetesi akasema. Imejiandikia yenyewe, ikaituma kwa vyuo vyote. Huyo mkuu wa kitivo, nani amemwona tangu Aprili?

— Nilimwona jana kwenye foleni ya tambi, nikasema.

— Ulimwona akiamua jambo?

— Aliamua tambi nene. Ilimchukua muda.

Mashine ikatema kopo. Aliyenunua alikuwa Usami, mwalimu wa takwimu aliyeajiriwa muhula huu, ambaye bado hana kiti barazani. Akainama kidogo.

— Samahani wakubwa zangu, mimi mgeni. Kati yenu, nani anataka idara ya Mwalimu Nagatsuka ifungwe?

— Hakuna! Tulisema karibu kwa pamoja. Tetesi hata alikasirika.

— Sasa mbona inafungwa?

— Kwa sababu tumeshakubali, Katiba akamwambia kwa upole, kama anamweleza mtoto.

Ikabidi nimfafanulie. Kwetu jambo haliendi mezani kabla halijapita milangoni. Naibu mkuu, Shirato, amezunguka ofisi moja moja na boksi la keki za maharage, anazungumza na kila mtu pembeni. Lisilosemwa mlangoni halisemwi mezani. Hilo mageuzi hayakuligusa.

— Kwangu alisema wenzangu wameshaelewa, yaani wamekubali, nikaongeza. Nikamwambia, kama wenzangu wameelewa, mimi nani?

— Na kwangu hivyo hivyo, alisema Tetesi.

— Na kwangu, alisema Katiba.

— Alianzia mlango wa nani? Usami akauliza.

Tukatazamana.

— Wangu, alisema Nagatsuka. Jumatatu asubuhi, hata koti sijavua. Akaniambia wenzangu wote wameshaelewa. Nikasema basi, sitaki kuwasumbua.

— Kwetu alifika Jumanne! Tetesi akaruka. Bwana wewe, ulikubali kujifunga mwenyewe?

— Si mlikuwa mmeshakubali?

— Tulikubali kwa sababu tuliambiwa hata Nagatsuka ameelewa!

— Nilielewa kwamba nyinyi mmeelewa.

Usami alitutazama mmoja mmoja, kopo lake bado halijafunguliwa.

— Basi ingieni mkaseme hapana.

— Kwa kanuni ya zamani au hii mpya? Katiba akauliza, na wala hakuwa anatania.

— Na Shirato je? alisema Tetesi. Mtu kazunguka jengo zima, goti lenyewe bovu. Tumwaibishe mbele za watu?

Kengele ya saa tisa ikalia. Hakuna aliyeinuka isipokuwa Nagatsuka.

— Nina mwanafunzi mmoja, binti wa mwaka wa pili, alisema. Ile hati ya wima ya Wamongolia inawashinda hata wenyewe, yeye sasa anaiandika vizuri kuliko mimi. Akaisugua shingo. Watampeleka idara ya Utalii.

Akaliweka kopo lake kwenye benchi.

— Naomba kuuliza kimoja tu, nijue. Nikisimama mle ndani nikasema hapana, nani atasema baada yangu?

Katiba akaizima sigara ambayo hajaimaliza. Tetesi akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mimi nilifungua mdomo, na nilichokiona usoni mwa Nagatsuka ni kwamba alikuwa anangoja kweli.