Bwana Harusi wa Mstari wa Pili

Nyuma yangu kwenye Noah ya abiria ya kwenda Nkwenda, Kokwijuka alikuwa amembana Jovitus, karani wa parokia, kwa karatasi ya matangazo ya ndoa. Mchumba wa Kokwijuka, Mwesiga, alikuwa ametangazwa mara mbili: mstari wa kwanza anamwoa yeye, wa pili anamwoa Sperancia.

“Huwa nanakili mstari, naubandika chini, halafu nabadilisha majina,” Jovitus alijitetea. “La bwana harusi nililisahau, dada.”

“La bibi harusi ukalikumbuka?”

“Kompyuta hizi...” Kompyuta haikuwemo garini, ndiyo maana ilisingiziwa vizuri.

“Haya, huyo Sperancia anaolewa na nani?”

Jovitus akafungua daftari la wachumba alilokuwa amelipakata, akasoma, akaitazama tena ile karatasi ya matangazo, akalifunga daftari taratibu. “Dereva, nishushe hapa.”

Gari likasimama. Palikuwa na migomba tu.