Mbona Iitwe Tasa

Kila baada ya swala ya alasiri, benchi lililo mkabala na fundi pancha wa Magongo huwa na watu watatu na buli moja la kahawa. Kiponda ndiye humimina. Wamemwita Mufti, maana hakosi fatwa. Nicanor, dereva wa kreni bandarini, ni Setilaiti. Habari za dunia hushukia simuni mwake kwanza. Na Awadh fundi cherehani ni Kimya, kazi yake kusikiliza. Siku hiyo hata kusikiliza kulimshinda. Nduguze walikuwa waje magharibi kuchukua jibu. Miaka kumi na minane na mkewe Khairiya, hakuna mtoto. Aoe mke mwengine: ndiyo au la.

— Wamepata nambari tasa kubwa kuliko zote, Setilaiti alisema. Tarakimu milioni arobaini na moja.

Awadh alishtuka. Neno hilo ndilo dadake alilomrushia Khairiya kwenye arusi moja, mbele za watu.

— Tasa vipi? Mufti aliuliza.

— Haigawanyiki. Ila kwa moja, ama kwa yenyewe. Ukijaribu nyingine yoyote, kuna kitu kinabaki.

— Wahenga walishasema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Imegaagaa, haikugawika.

— Ukiisoma tarakimu moja kila sekunde, bila kulala, ni mwaka na zaidi ya miezi mitatu. Ukiiandika mstari mmoja itapita Miritini, ipite Mariakani, iende tu na reli.

Awadh aliiona ikienda, polepole, tarakimu baada ya tarakimu juu ya ule mchanga mwekundu, bila kumngoja mtu.

— Mimi nasema haikupatikana, Mufti alisema. Ilikuwa imekaa zake kwenye machimbo ya kale kule Bamburi, pamoja na majini. Imeridhia tu kuonekana.

— Na ndani yake, mzee, imo siku uliyozaliwa. Zimo siku za watu wote wa Changamwe.

— Na wasiozaliwa? Awadh aliuliza.

Wakamgeukia.

— Hao pia, Setilaiti alisema taratibu. Nadhani hao pia.

Nyuma yao alisimama Eddah, dereva wa tuktuk, akingoja gurudumu lake lizibwe.

— Samahani, wazee. Kubwa hivyo, na hakuna cha kuipasua. Mbona iitwe tasa?

Mufti alichukua buli ammiminie kahawa. Buli lilipoinamishwa, yalitoka mashapo matupu.

Awadh akampigia nduguye mkubwa pale pale.

— Shikamoo, kaka. Msije leo. Sioi. La, sijakasirika. Hilo ndilo jibu.

Nyumbani alimkuta Khairiya jikoni, amejifunga leso, macho mekundu, sinia la sambusa limejaa.

— Wageni wako wapi?

— Hawaji.

— Leo tu?

— Hata kesho.

Khairiya alivuta kigoda cha pili, akakiweka ubavuni pake. Wakaanza kula, wao wawili, sambusa zilizopikiwa watu wanane.