Alois Severini, Msafiri wa Mezani (1956–1998)

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rosa, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito. Nikikwama, mnisubiri.

Marehemu Alois Severini alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Nyandira, Mgeta, mtoto wa tatu wa mzee Severini na mama Paskalia. Alikulia kwenye matuta ya mboga na miti ya mafyulisi, mahali ambapo asubuhi, kwa ukungu, hujui kama jirani yupo mpaka akohoe. Siku moja alitumwa chumvi dukani. Alirudi jioni mikono mitupu, akaeleza kinaganaga habari za soko alilolipitia nyuma ya mlima. Soko hilo halikuwapo. Bibi Paskalia alimchapa, kisha akamuuliza huko vitunguu wanauzaje.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mgeta, akamaliza kidato cha nne mjini Morogoro mwaka 1975. Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha mjini. Mwaka 1984 alifahamiana na mwalimu mmoja mkimbizi aliyeishi Mazimbu, mwenye mchezo wa mezani usio na mshindi. Mmoja husimulia safari, wenzake kila mmoja hujivika mtu wake wa kubuni, na penye hatari hurushwa dadu kuamua kama mtu atavuka au ataanguka. Marehemu alituambia kwamba alirudi nyumbani kwa miguu na hakuikumbuka njia aliyopita.

Kiwanda kilipouzwa mwaka 1993 na watu kupunguzwa kazini, wenzake walifungua vioski au waliuza mitumba. Yeye alifungua meza. Barazani kwake Kilakala alichora ramani, akaandika kanuni kwa Kiswahili, akachonga dadu za mninga, akawa mbunifu wa michezo wa kujitegemea, mwenye kupokea kazi kutoka shule, vikundi vya vijana, hata mwenye hoteli aliyetaka kuchangamsha wageni. Majoka yaliyojaa katika mchezo wa yule mwalimu hakuyatumia. Alisema hajui yanakula nini. Safari zake zilipanda mlima Lupanga mawingu yakiwa yamekaa, zikakuta treni imesimama huko juu, inamngoja abiria ambaye bado hajazaliwa. Nilicheza mara moja, nikaiota treni hiyo wiki nzima. Tulimtania kwamba enzi hizi za ruksa kila mtu anauza alichonacho, mjomba anauza kisichokuwapo. Alicheka kuliko sisi.

Alifunga ndoa na Juliana tarehe 21 Agosti 1982, wakajaliwa watoto wawili, Yeremia na Joyce. Walipendana sana, lakini mezani Juliana hakukaa. Baba yake alikuwa mcheza kamari aliyeuza mpaka nyumba, naye aliapa kutogusa dadu. Alileta chai, akaiweka, akaondoka. "Baba Yeremia, cheza na wenzako," alisema. "Mimi mlio wa hivyo vitu unanichefua." Marehemu hakumlazimisha, ila lilimuuma. Aliwatungia safari watu wote, na yule ambaye yeye alitamani kusafiri naye alikuwa jikoni.

Oktoba mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofu. Akiwa kitandani aliagiza dadu zote zifungiwe kabatini, akatunga mchezo wa mwisho, wa msimuliaji na mchezaji mmoja tu. Mahali pa dadu aliweka vitendawili vyetu: anayeshindwa hutoa mji, na safari huelekea huko. Jibu hupati mpaka mwenzako afike mjini na kukusimulia.

"Mama Yeremia," alisema, "humu hamna dadu. Kagua hata chini ya mto."

Juliana alikagua kweli, kisha akavuta kigoda. Wakasafiri miezi mitatu. Tulisikia vicheko chumbani, tukaona aibu kuingia.

Mchana wa Jumanne, tarehe 12 Mei 1998, nilikuwa nao.

"Kitendawili," alisema marehemu.

"Tega."

"Mgeni wetu huingia bila hodi, hutoka bila kuaga."

Juliana alifikiri, akashindwa.

"Basi nipe mji."

Akampa Ngerengere, alikozaliwa yeye, na ambako hakuwahi kurudi tangu nyumba yao iuzwe. Marehemu alimshika mkono. "Nimeupokea," alisema. "Ngoja nifike kwanza." Akafumba macho. Tulidhani anatunga.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, dada yake ambaye ni mama yangu, sisi wapwa, na wenzake wa mezani. Tangu juzi watu wanamletea Juliana majibu. Mzee Hatibu, jirani yetu, anasema ni ukungu. Katekista anasema ni mauti. Juliana anawakatalia wote.

"Mji nilishautoa," anasema. "Jibu atanipa mwenyewe."

Mungu amjalie Alois amani, huko alikofika.