Bwana Usichomeke Anaondoka Cholla Wells

Mwisho wa mwezi huu wa Julai, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunza umeme wa Kambi ya Cholla Wells, Bwana Orrin Tackett anastaafu. Alianza kazi mwezi wa Oktoba, wageni wakiingia kwa foleni. Anaimaliza katika mwezi ambao hata kunguru wa Arizona wanatafuta pengine pa kukaa. Tutakaokuwa ukumbini siku hiyo ni sisi wafanyakazi watano, na mmoja wetu ndiye anayeagwa.

Si kwamba hatukujaribu. Tulimsihi astaafu Machi, viwanja vikiwa vimejaa nyumba za magurudumu na wazee wa Minnesota, Dakota na Saskatchewan ambao kila majira ya baridi hulifuata jua huku kwetu. Keki ingekuwa ya ghorofa. Kungekuwa na mpiga akodiani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Ofelia, Machi watu wote wamechomeka," aliniambia. "Skrubu nitazikaza lini? Kukaza ni Julai, kambi ikiwa tupu."

Mimi ni karani wa mapokezi hapa na nimeshazoea kushindwa na huyu bwana, kwa hiyo nilimpigia simu mpiga akodiani nikamwambia asije.

Kwa yeyote atakayeyasoma haya bila kumjua Orrin, kazi yake ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Kila kiwanja cha kambi kina nguzo fupi yenye kisanduku cha umeme. Mgeni akifika, huvuta kebo nene kutoka ubavuni mwa nyumba yake ya magurudumu, akaichomeka hapo. Basi. Lakini umeme wa kambi hauna adabu kama wa nyumbani. Alasiri kila mtu akiwasha kiyoyozi, volti zinashuka. Joto letu linalegeza skrubu, nyaya zinaungua pole pole ndani ya kisanduku, na kwa nje huoni kitu. Mgeni anachomeka kwa furaha, na kufikia jioni friji imekufa, kiyoyozi kimekufa, na jiko nalo halisemi. Kwa wengi wa hawa wazee, nyumba hiyo ndiyo pekee waliyobaki nayo, kwa sababu ile ya matofali waliiuza.

Ndiyo maana Orrin alijiwekea sheria yake, na hakuna meneja aliyewahi kumtuma. Hakuna kuchomeka kabla hajapima. Mgeni akiegesha tu, utamwona anakuja na kile kigari chake kidogo, mita mkononi, anapaza sauti toka mbali: "Usichomeke!" Hapa ofisini tulikuwa na kadi nzuri ya kukaribisha wageni, yenye picha ya machweo. Lakini neno la kwanza walilolisikia Cholla Wells lilikuwa hilo, na ndilo lililompa jina. Watoto wa wageni walimwita Bwana Usichomeke. Baada ya muda, wazee nao wakafuata.

Kuna bwana mmoja wa Iowa aliyekuja kaunta kwangu amewiva usoni kwa hasira.

"Mama, kuna mzee mwenye kofia amesimama mbele ya kisanduku changu, ananinyima umeme."

"Huyo ni fundi wetu wa umeme."

"Fundi wa umeme gani anayenyima watu umeme?"

"Yule mzuri," nikamjibu.

Alirudi baadaye kunijulisha kwamba tundu alilotaka kuchomekea lilikuwa limefungwa nyaya kinyume. Hakuomba radhi, ila aliniletea mahindi.

Utaratibu wa Orrin haukubadilika. Zima swichi ya kisanduku. Pima. Chomeka kwanza mlinzi, kile kifaa kinachokaa kati ya kisanduku na kebo, ndugu wa vile vidude ambavyo watu huwekea friji zao majumbani. Washa swichi. Halafu usubiri. Maana mlinzi haupitishi umeme papo hapo. Huuchunguza kwanza, dakika mbili na ushee, akiridhika ndipo anawasha taa ya kijani na kuuruhusu uingie ndani. Asiporidhika, anaukataa, hata kama wewe unayeyuka kwa jasho.

Fundi mwingine angeondoka hapo, kwa sababu kazi yake imekwisha. Orrin alibaki. Alisimama na mgeni kando ya kisanduku, wote wawili wakikitazama kile kidude kisichofanya lolote. Na watu waliotoka kuendesha siku tatu bila wa kuzungumza naye wakawa wanasema. Walisema juu ya watoto wasiopiga simu, magoti yaliyogoma, jirani wa kiwanja cha pili ambaye mwaka huu hatakuja wala mwakani. Orrin si msemaji. Alikuwa na "Aa" na "Ndiyo hivyo", na hivyo viwili vilimtosha. Taa ikiwaka, aligonga kisanduku kwa kiganja, akaenda kwa mwingine. Mara nyingi yeye ndiye aliyeninong'oneza, "Yule wa kiwanja cha tisa, usimuulize habari za mke wake." Nami nikajua.

Mke wake mwenyewe, Marla, alikuwa anasimamia chumba chetu cha kufulia, na wote wawili waliishi nyuma ya chumba hicho katika nyumba yao ya magurudumu ambayo haikuwahi kwenda popote. Walikuwa na mpango wa kuzunguka wakishastaafu. Marla alifariki miaka sita iliyopita, mwezi wa Februari, kambi imejaa pomoni. Wageni walimpikia Orrin hadi friji yake ikakataa kufungwa. Kisha ikaja Aprili, na wageni wakachomoa kebo zao wakaondoka, kama wanavyoondoka kila mwaka. Hawakumtupa. Ndivyo maisha ya hapa yalivyo.

Kiangazi kile Orrin aliingia ofisini kila asubuhi kupima soketi ya feni yangu. Soketi ilikuwa nzima. Alipima, akasema "Iko sawa", akakaa kidogo kwenye kiti cha wageni, akaondoka. Kesho yake akarudi. Nilikuwa namwekea kahawa kabla hajafika, na nasema wazi kwamba moyo uliniuma kila alipoinuka kwenda, kwa kuwa nilijua huko nje hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anamsubiri.

Oktoba iliyofuata ndipo Bi Nadine Fossum alipofika peke yake. Miaka yote alikuwa anakuja na mumewe Harlan, na Harlan ndiye aliyeshughulika na kebo. Harlan alizikwa Juni. Nadine aliendesha lile dude lote kutoka Minnesota, akakosa njia mara kadhaa, akafika adhuhuri wakati Orrin yuko upande wa pili wa kambi. Akachomeka mlinzi kama alivyokuwa anamwona Harlan akifanya. Mlinzi akakataa. Akachomoa, akachomeka tena. Mlinzi akakataa tena. Jirani mmoja mwenye roho nzuri na akili fupi akamshauri, "Hicho kidude kimekufa, dada. Kitoe, chomeka moja kwa moja."

Hili ndilo kosa la watu wetu, na hulifanya watu wenye busara kabisa. Mlinzi anakwambia umeme ni mbovu, nawe unaona ubovu ni wake. Nadine akakitoa.

Orrin alikuwa anapita na kigari chake aliposikia kiyoyozi kinaguna, akaona na taa za jikoni zinawaka vikali mchana kweupe, kupita kiasi. Mtu mwingine angeona taa nzuri. Yeye aliacha kigari katikati ya njia, akakimbia, akazima swichi. Nadine akatoka mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe! Joto linaniua humu ndani, halafu unanizimia?"

"Ulichomeka bila mlinzi?"

"Amekufa!"

"Hajafa. Anakataa."

"Anakataa nini?"

Orrin akafungua kisanduku akamwonyesha. Ule waya wa kurudisha umeme, ambao mafundi huuita nyutro, skrubu yake ilikuwa imelegea na plastiki imeungua ikawa nyeusi. Waya huo ukilegea, umeme haugawanyiki tena sawasawa. Upande mmoja wa nyumba unapata mwingi mno, mwingine unanyimwa. Orrin angechelewa kidogo tu, Nadine angepoteza kila kitu kinachowaka humo ndani, pengine na nyumba yenyewe. Alikaa chini kwenye ngazi zake.

"Harlan angejua," akasema.

"Harlan naye aliwahi kumtoa mlinzi," Orrin akamwambia. "Mwaka wa kwanza. Nilimkemea mbele yako, ukacheka."

Alimhamishia kiwanja cha karibu, akamfundisha hatua moja moja, mkono wa Nadine ndio ulioshika mita. Walipofika kwenye kusubiri, Nadine alimwambia kwamba alikuwa ameshapatana na mnunuzi wa nyumba ile, na kwamba alikuja tu kukiaga kiwanja. Kisha akalia. Orrin alisimama pale. Taa ikawaka, naye, tofauti na desturi yake, hakuondoka. Nadine hakuuza. Amekuja kila majira ya baridi tangu hapo, na kila alipofika Orrin alikuwa wa kwanza kwenye kisanduku chake, hata kama kulikuwa na wageni wengine mbele ya foleni. Tuliona. Tulimtania. Alisema kiwanja kile kina historia.

Baada ya tukio hilo ndipo alipoanzisha kazi ambayo kambi hii inamdai shukrani nyingi kuliko zote. Kila Julai, kambi ikiwa haina mtu, anazima laini moja baada ya nyingine, anafungua visanduku vyote na kukaza skrubu zote kwa mkono wake. Anaanza alfajiri na kuacha jua likishakuwa kali. Tangu hapo hakuna mgeni wetu aliyeunguziwa hata redio, na meneja mpya wa kambi ya jirani amekuja mara mbili kuuliza tunafanyaje.

Majira yaliyopita Nadine alifika alasiri moja yenye upepo. Orrin aliacha chakula chake ukumbini akaenda mbio. Nilikuwa dirishani, nikaona yote. Alipofika, mlinzi alikuwa ameshachomekwa, taa ya kijani inawaka, kebo imepangwa vizuri, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Nadine alikuwa ndani, amepima mwenyewe na kusubiri mwenyewe. Orrin alisimama kando ya kisanduku na mita yake. Alisimama muda wa mtu anayesubiri taa. Kisha akaja ofisini.

"Amefanya sawasawa kila kitu," akaniambia.

"Si ndivyo ulivyomfundisha?"

"Ndiyo hivyo."

Hakubisha hodi kwa Nadine siku ile, na kesho yake Nadine akaja kuniuliza kwa nini Orrin hakufika kumsalimu.

Kiwanja cha fundi kinakwenda na kazi, na fundi mpya anahamia Agosti. Tulimwomba Orrin achague kiwanja kingine abaki. Alikataa. "Mstaafu akibaki hapa kambini, watamwita kila mara tochi ikizimika," alisema. "Nitakuwa mzimu wa hapa." Kwa hiyo amebadilisha matairi yaliyopasuka kwa jua, amesafisha tangi, na Jumatatu ataondoka kuelekea kaskazini. Nyumba ile itatembea kwa mara ya kwanza. Amekataa kutuambia ataishia wapi, na naamini ni kwa sababu hajui.

Juzi aliingia ofisini akavua kofia.

"Ofelia, tuseme nimefika kambi ya watu. Nimepima. Umeme mbovu."

"Usichomeke!" nikamwambia, nikacheka.

Hakucheka. "Hilo najua. Nauliza, nitamwambia nani?"

Nilimpa jibu la karani. Nilimwambia amwone mtu wa mapokezi wa huko, atampa kiwanja kingine. Akasema sawa, akavaa kofia yake, akatoka. Mlango ulipojifunga nikajua kwamba hilo silo aliloniuliza.

Jibu lenyewe naliandika hapa, na wenzangu watatu wamelisoma na kulikubali. Orrin, utatuambia sisi. Umeme ukiwa mbovu, piga simu ofisini. Ukiwa mzuri, piga pia, uzungumze au unyamaze upendavyo, tutakaa kwenye laini mpaka taa iwake. Namba ya Nadine nimeiandika nyuma ya karatasi yako ya ratiba ya kukuaga. Yeye ndiye aliyeniambia niiandike, na akasema ni aibu kwa mzee mzima kupita karibu na Minnesota bila kubisha hodi.

Asante kwa visanduku vyote ulivyofungua na kwa watu wote uliosimama nao. Nenda salama, uwe na siku njema nyingi, ule vizuri, ulale vizuri. Uko huru sasa kufanya lolote utakalo, ila tunakukataza moja tu, nasi tuna haki ya kukukataza baada ya miaka yote hii. Usisubiri peke yako.

Ofelia Montaño, Mapokezi