Benchi la Nyuma ya Tamati

Katika basi la kwenda Gisborne, Pania alijifanya anatazama kondoo dirishani, kumbe masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Kijana mtafiti wa chuo kikuu, Mmaori kutoka kusini, mwenyeji wa asili wa nchi hiyo kama wao, alikuwa amemuuliza abiria mwenzake, Bibi Materoa, ni jamaa zake wangapi wamewahi kufikishwa mahakamani. Pania aliona jibu la swali hilo litakuwa refu kuliko barabara.

"Nianzie wapi, mwanangu?" bibi alisema. "Leo ni zamu ya mjukuu wangu Tamati. Alichukua trekta la jirani bila kuuliza, ili awahi mazishi. Polisi aliyemkamata ni mpwa wangu. Karani wa mahakama ni binamu. Na hao niwahesabu?"

Kijana alicheka. "Hapana, bibi. Ila tunaona vijana wetu wanafungwa kwa makosa ambayo wengine wakiyafanya huonywa tu."

"Hilo nalijua. Hakimu akikuta benchi la jamaa nyuma ya mshtakiwa ni tupu, atadhani mtoto hana kwao, amfunge. Njoo ukae nasi."

"Siwezi, bibi. Naja kuandika kesi tu; chuoni watasema napendelea."

"Mama yako wa ukoo gani?"

Kijana akautaja. Bibi akajipiga paja. "Ndio ukoo wa mama yake Tamati! Basi wewe ni mjomba wake! Mjomba gani anakaa pembeni akiandika?"

"Jamani, bibi, kazi yangu..."

"Kazi itakungoja. Hakimu hangoji."

Basi likasimama mbele ya mahakama, wakashuka wakiwa bado wanabishana. Pania, ambaye kituo chake kilikuwa mbele zaidi, alijikuta ameshika mkoba, anawafuata kwenda kujaza benchi.