Mlima wa Kadutu Uliomchukua Mama Yangu

Sifa zote kwa Bwana Yesu, ndugu zangu! Mnaniona hapa mbele nimesimama kwa miguu yangu, mnasema, Maman Nsimire iko muzima. Ndiyo, ni mzima, haleluya! Lakini kuna wakati nilikuwa naamka kila asubuhi nikishangaa kwamba nimeamka.

Kwa wale wasionijua, mimi ni mama wa Faida. Ninapiga mashine ya kuandika katika ofisi moja ya serikali kule Nyawera. Mume wangu anafundisha shule kule Kamanyola, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo woga wangu niliubeba peke yangu.

Mama yangu alikufa kwenye mlima huu wetu wa Kadutu. Alikuwa anapanda kutoka mjini, kitunga kichwani, akakaa kando ya njia karibu na robine, lile bomba la maji, ili apumzike. Hakuinuka tena. Baadaye dada yangu mkubwa naye akaanguka akafa akiwa anafua nguo. Munganga wa hospitali alisema ni tansiyo, damu imepanda. Mimi nikasema moyoni: wa tatu ni mimi.

Ndugu zangu, wakati ule kazini tulikuwa tunacheza na kuimba kwa ajili ya Chama, ile animasiyo mnayoijua. Hakuna aliyeweza kukataa. Nami nilikuwa mnene, nikipanda ngazi za ofisi nahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Siku moja tunacheza juani, nikasikia kifua kimekazwa kama kwa kamba. Macho yakaingia giza. Nikaanguka mbele ya wakubwa! Nilipozinduka niliogopa mara mbili: niliogopa kufa, na niliogopa watasema nimeanguka makusudi.

Munganga akanipima, akatikisa kichwa, akaniita mwananchi kwa Kifaransa kama Chama kilivyotaka.

“Citoyenne, dawa utakunywa, chumvi utapunguza. Lakini lazima utembee. Panda mulima kila siku, polepole.”

“Mulima gani, Munganga?”

Akacheka. “Hapa Bukavu unaona kitu kingine?”

Yeye alicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikalia. Mlima uliomwua mama yangu ndio sasa umekuwa dawa yangu?

Lakini kukaa nako kulikuwa kufa. Basi nikaweka nia moja mbele ya Mungu: nipande kwa miguu kutoka kwetu bondeni mpaka parokia ya juu, bila kubebwa na gari. Nilianza asubuhi, kabla ya kazi. Kila nilipotoka nilivaa kikwembe changu kizuri, ili wakiniokota njiani wasinikute na nguo mbaya. Nilimwambia Faida funguo ziko wapi, unga uko wapi. Mtoto akaniuliza, “Mama, unasafiri?”

Siku za kwanza sikupita hata kwa seremala, jirani yetu. Moyo ulipiga, nikageuka nyuma mbio, na kule kukimbia kukaupigisha zaidi! Baada ya majuma nikafika kwenye ukuta wa shule. Nikaona nimeshinda. Kisha malaria ikanilaza, na nilipotoka kitandani seremala akawa tena mbali kama Shabunda. Nikaanza upya. Mvua ikaja, njia ikawa tope, nikateleza, nikaanza upya tena. Mwili ukapungua kidogo, nalo likawa neno jingine. Jirani mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, “Maman Faida, nani alikupa sumu?” Nami, ndugu zangu, usiku nikajichunguza ulimi kwenye kioo, nikitafuta alama ya sumu, naogopa labda ni kweli.

Nikapita ukuta wa shule. Lakini robine sikuipita. Miezi na miezi! Nilikuwa nageuka pale kama mtu aliyekutana na askari.

Katika kikundi hiki cha sala kuna Maman Cibalonza, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yule pale anainamisha kichwa. Asubuhi moja alinikuta pale, beseni lake kichwani. Siku hiyo sikugeuka, kwa sababu miguu ilikataa kabisa. Nilikaa chini, mahali pale pale alipokaa mama yangu. Jasho baridi likanitoka. Nikasema, Bwana, basi, ni leo.

Maman Cibalonza akatua beseni, akakaa karibu nami.

“Iko nakuuma wapi?”

“Hapana maumivu. Niko naogopa.”

“Basi ogopa. Lakini ogopa ukiwa unatembea.”

Akaanza kusali kwa sauti, watu wakipita, wengine wakitutazama kama walevi. Nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unapiga, ndiyo, unapiga kwa nguvu, lakini ulikuwa unapiga sawasawa! Miaka yote nilikuwa nausikia moyo wangu kama adui anayegonga mlango. Siku ile Bwana alinifungua masikio: moyo ule ulikuwa unafanya kazi, unanipigania. Nikalia. Nikamshika Maman Cibalonza bega, nikasimama, nikapita robine.

Tulifika juu tumelowa jasho. Kanisa lilikuwa limefungwa! Tukakaa kwenye ngazi, tunacheka na kulia pamoja, ziwa lote liko chini yetu, nami ofisini nimekwisha kuchelewa.

Ndugu zangu, nisiwadanganye. Dawa ningali nakunywa. Munganga amenipima tena, damu imeshuka, akapima mara ya pili kwa kutoamini. Lakini woga bado unakuja, hata leo asubuhi umekuja. Bwana hakuuua kwa siku moja; aliuvunja nguvu, hatua kwa hatua, siku nyingine bila mimi kuona chochote. Jina lake lihimidiwe!

Najua humu ndani kuna mtu anayeogopa mwili wake mwenyewe, anayelala akisikiliza kifua chake. Mama, papa, usione haya. Mwamini Yeye aliyekuumbia moyo huo. Kesho, misa ya asubuhi ya hapa chini ikiisha, mimi na Maman Cibalonza tunapanda, polepole sana. Njoo. Na kama una woga, usiuache nyumbani ukikungojea. Njoo nao.